Kupima umbali wa nyota na galaksi ukiwa Kigoma au Tabora: mwongozo kamili

Hakuna aliyewahi kuvuta futi kamba mpaka kwenye nyota, na hata hivyo vitabu vinataja umbali wa nyota kwa tarakimu tatu au nne. Tarakimu hizo hupatikana kwa kupanda ngazi. Umbali mfupi unaopimika kwa mkono hutumika kupata ulio mrefu kidogo, huo nao hubeba unaofuata, mpaka kwenye galaksi, makundi makubwa ya nyota, ambazo nuru yake ilianza safari kabla Dunia haijakuwapo. Kila kipandio kinabebwa na kilicho chini yake: ukikosea asilimia 10 chini, kila kilicho juu kinakosea asilimia 10, hata kama hesabu za huko juu ni safi kabisa. Ndiyo maana tunaanza na kijiti na kivuli, na tunakaa sana kwenye vipandio vya chini ambavyo mtu wa Ujiji au Kwihara anaweza kuvipanda mwenyewe bila darubini.

Vizio

Ndani ya mfumo wa Jua hutumika kizio astronomia, yaani wastani wa umbali kati ya Dunia na Jua: kilomita milioni 149.6. Nuru huenda kilomita 299,792 kwa sekunde, hivyo hutoka juani na kutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi. Kutoka mwezini, umbali wa kilomita 384,400, ni sekunde 1.3 tu.

Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru hukata kwa mwaka mmoja: kilomita trilioni 9.46. Wanaastronomia wenyewe hupenda parseki, ambayo ni miaka ya nuru 3.26. Sababu ya kuipenda utaiona kwenye paralaksi hapa chini. Inarahisisha hesabu mpaka inakuwa mgawanyo mmoja.

Vifaa

Kijiti kilichonyooka cha mita 1, kamba isiyovutika, timazi (nati iliyofungwa kwenye uzi inatosha), rula ya sentimita 30, futi kamba, daftari, na simu yenye saa inayojipanga yenyewe kwa mtandao. Programu ya ramani ya anga kama Stellarium inasaidia kutambua nyota. Tochi ifunikwe na nailoni nyekundu, kwa sababu macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza na mwanga mweupe wa sekunde moja unakurudisha mwanzo. Skrini ya simu nayo ni tochi. Ipunguze mpaka mwisho.

Kipandio cha kwanza: Tabora hadi Kigoma kwa kivuli

Kazi hii inataka watu wawili, mmoja Tabora na mwingine Kigoma, siku moja, jua likiwa wazi. Saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambao uko mbali na nchi yetu kuelekea baharini. Kwa hiyo huku magharibi jua huchelewa: Kigoma linafika juu kabisa karibu saa 7 mchana, si saa 6. Tabora, iliyo mashariki zaidi, linatangulia kidogo. Kutangulia huko ndiko tunakopima.

1. Simika kijiti kwenye uwanja tambarare na ukihakiki kwa timazi pande mbili. Kijiti kilichoinama nyuzi 1 kinaweza kupoteza dakika kadhaa.
2. Funga kamba kwenye shina la kijiti na chora duara kubwa kuliko kivuli cha saa 5 asubuhi.
3. Asubuhi, ncha ya kivuli inapogusa duara ikiingia ndani, andika saa na dakika.
4. Alasiri, ncha inapogusa duara hilohilo ikitoka nje, andika tena.
5. Jumlisha saa hizo mbili, gawanya kwa 2. Hapo ndipo jua lilipokuwa juu kabisa.

Mfano wa katikati ya Juni. Kigoma: saa 4:30 asubuhi na saa 9:33 alasiri, wastani ni saa 7 na dakika 1 na nusu. Tabora: saa 4:20 na saa 9:18, wastani ni saa 6:49. Tofauti ni dakika 12 na nusu. Dunia huzunguka nyuzi 1 kwa dakika 4, na katika latitudo yetu ya nyuzi 5 kusini nyuzi 1 ya longitudo ni kilomita 111 hivi, yaani kilomita 27.7 kwa kila dakika. Zidisha: kilomita 346. Umbali wa moja kwa moja kwenye ramani ni kama 350. Reli ni ndefu zaidi, kama kilomita 400, kwa kuwa haikunyooka.

Yanayoharibu kipimo hiki ni machache lakini ni makali. Dakika 1 ya uzembe ni kilomita 28. Saa ya mkononi iliyopangwa kwa kusikiliza redio haifai. Ncha ya kivuli cha kijiti huwa na ukungu, kwa sababu Jua si nukta; bandika juu ya kijiti kipande cha boksi chenye tundu la milimita 5, kisha fuata doa la mwanga badala ya ncha. Na msipime siku tofauti mkalinganisha: katika mwaka, saa ya jua kuwa juu husogea mbele na nyuma hadi kama robo saa. Siku ikiwa moja, msogeo huo unawagusa wote sawa na unajifuta.

Kipandio cha pili: paralaksi uwanjani

Fumba jicho moja, kisha jingine, ukiwa umenyoosha kidole gumba: kidole kinaruka kulinganisha na ukuta wa mbali. Mruko huo ndio paralaksi. Ukijua umbali kati ya sehemu mbili ulizotazamia (mstari wa msingi) na pembe ya mruko, umejua umbali wa kitu.

Tengeneza kipimio cha pembe. Funga kwenye rula kamba yenye urefu wa sentimita 57, shika mwisho wa kamba kwenye shavu chini ya jicho, nyoosha rula mpaka kamba ikaze. Sasa kila sentimita 1 ya rula ni nyuzi 1 ya pembe. Namba 57 haikuokotwa. Ukiwa umbali wa 57, kitu chenye upana wa 1 huonekana kikiwa na nyuzi 1, iwe ni mita au kilomita.

Nenda uwanja wa mpira. Chagua mti mmoja ambao futi kamba inaweza kuufikia baadaye, na nyuma yake mnara wa simu ulio mbali sana. Simama mahali ambapo mti na mnara vimelingana. Sogea mita 10 upande, ukienda sambamba, si mbele wala nyuma. Mti sasa umeachana na mnara. Pima nafasi hiyo kwa rula. Ukipata sentimita 5.7, hesabu ni 10 × 57 ÷ 5.7, yaani mita 100. Pima kwa futi kamba uone.

Wengi hupata mita 120 au zaidi na kulaumu rula. Mara nyingi kosa ni mnara. Mnara ukiwa umbali wa mita 500 tu, nao unaruka kama nyuzi 1.1 ulipohama zile mita 10. Mruko unaousoma unapungua mpaka 4.6 na mti unaonekana kuwa umbali wa mita 125. Mnara wa kilomita 3 unaleta kosa la asilimia 3 hivi. Walio Kigoma wana bahati ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ambayo ni usuli wa mbali wa kutosha kwa mti au mtumbwi uliotia nanga, siku ambayo haina ukungu.

Wanaastronomia wanafanya hivyohivyo. Mstari wao wa msingi ni mzunguko wa Dunia: wanapiga picha ya nyota leo, wanasubiri miezi 6 Dunia ifike upande wa pili wa Jua, wanapiga tena. Nyota za mbali sana ndizo mnara. Nusu ya mruko, ikipimwa kwa sekunde za pembe (nyuzi 1 ina sekunde 3,600), ndiyo paralaksi, na umbali kwa parseki ni 1 gawanya kwa paralaksi. Alpha Centauri ina paralaksi ya sekunde 0.747: 1 ÷ 0.747 ni parseki 1.34, mara 3.26 ni miaka ya nuru 4.37. Kwenye rula yetu, sekunde 1 ya pembe ni chini ya sehemu 3 kati ya 1,000 za milimita. Usijaribu nyumbani.

Thomas Henderson aliipima nyota hiyo akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1832 na 1833, lakini alisita kuchapisha mpaka 1839. Friedrich Bessel wa Ujerumani alikuwa ameshatangaza umbali wa nyota nyingine mwaka 1838, na sifa ikaenda kwake. Leo kazi hiyo ni ya setilaiti. Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kumaliza kutazama Januari 2025, ilipima nyota zaidi ya bilioni 1.

Hata setilaiti hukosea. Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wanakijua, kilipimwa na setilaiti ya Hipparcos kikatoka miaka ya nuru 390 hivi, wakati njia nyingine zilisema 440. Ubishi ulidumu miaka mingi. Gaia ilipokuja ikasimama upande wa 440.

Mahali na usiku wa kutazamia

Kuanzia hapa kazi ni ya usiku. Msimu ni kiangazi, Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Moshi wa moto wa nyika mwezi wa Agosti na Septemba huziba nyuzi 10 hadi 20 za chini ya anga, basi usitegemee nyota zilizo karibu na upeo wa macho.

Kigoma ina tatizo lake: giza la mwezi unalolisubiri wewe ndilo wanalolisubiri wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza ziwa linajaa taa, na mtu aliyekaa ufukweni Kibirizi hapati giza lolote upande wa magharibi. Panda nyuma ya vilima, ukiweka mlima kati yako na ziwa, upande wa kusini ukiwa wazi. Tabora haina taa za ziwani, ila miti ya miombo na miembe inafunika chini. Tafuta shamba lililovunwa, kilomita kadhaa nje ya mji. Nyakati zote hapa chini ni za Kigoma. Tabora toa dakika 13.

Kipandio cha tatu: mwanga

Paralaksi inaishia ndani ya galaksi yetu. Zaidi ya hapo tunatumia mwanga: kitu chenye mwanga unaojulikana kikionekana hafifu, kiko mbali. Kanuni ni kwamba umbali ukiwa mara 2, mwanga unaokufikia ni robo; ukiwa mara 3, ni moja ya tisa. Usiikubali kwa mdomo, ipime.

Chukua karatasi nyeupe, dondosha tone la mafuta ya alizeti, pangusa. Mawese hayafai, yana rangi. Doa hilo linapitisha mwanga: likimulikwa zaidi upande wako linaonekana jeusi, likimulikwa zaidi upande wa pili linaonekana jeupe. Pande mbili zikilingana linapotea. Washa balbu mbili za LED, moja ya lumeni 400 na nyingine ya lumeni 800 (soma kwenye boksi), katika chumba chenye giza, na simamisha karatasi katikati. Sogeza karatasi mpaka doa lipotee. Pima umbali: ukiwa sentimita 100 upande wa balbu ndogo, upande wa kubwa utakuwa karibu 141, kwa sababu 1.41 mara 1.41 ni 2. Kuta nyeupe zinaharibu kwa kurudisha mwanga, tundika kanga nyeusi. Balbu moja ikiwa ya mwanga wa njano na nyingine mweupe, doa halitapotea kamwe, litabadilika rangi tu. Umeme ukishuka, lumeni za kwenye boksi si kweli tena.

Ugumu wa mbinguni ni kwamba nyota hazina boksi. Katikati ya Juni, saa 4 usiku, tazama kusini, nyuzi 34 kutoka chini (ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10). Utaona nyota mbili kali zikielekeza kwenye Msalaba wa Kusini: Alpha Centauri na Hadar. Kwa macho zinakaribiana mwanga. Ya kwanza iko miaka ya nuru 4.37, ya pili kama 390. Hadar iko mbali karibu mara 90, kwa hiyo mwanga wake halisi ni maelfu ya mara. Anayekisia umbali kwa kutazama ukali tu anakosea hivyo.

Nyota inayosema lumeni zake

Kuna nyota zinazopumua, Sefeidi, ambazo huvimba na kunywea kwa mpangilio. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Harvard alichapisha jedwali la Sefeidi 25 za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu. Kwa kuwa zote ziko umbali mmoja na sisi, aliona wazi kwamba yenye mzunguko mrefu ndiyo yenye mwanga mkubwa. Kuhesabu siku, basi, ni kusoma boksi la balbu.

Unaweza kufanya hivyo kwa macho matupu. Eta Aquilae ni Sefeidi, na katikati ya Septemba saa 3 usiku iko karibu utosini. Tafuta Altair, nyota kali iliyo kaskazini kidogo ya utosi. Eta iko kusini yake, kiasi cha ngumi moja kasoro. Uangavu hupimwa kwa namba ambazo zikiwa ndogo ndio ukali, na hatua 5 ni tofauti ya mara 100. Eta hucheza kati ya 3.5 na 4.3. Majirani wa kulinganisha nao ni Delta Aquilae (3.4), Beta (3.7) na Iota (4.4).

Kila usiku, saa ileile, andika Eta iko kati ya jirani gani na gani. Ikiwa katikati ya Delta na Beta, andika 3.5. Ikiwa hafifu kuliko Beta kwa theluthi moja ya njia ya kuelekea Iota, andika 3.9. Usitazame rekodi ya jana kabla hujaandika ya leo. Jicho linapenda kukubaliana na daftari. Baada ya wiki tatu chora grafu. Inapanda haraka na kushuka polepole, na kutoka kilele hadi kilele ni siku 7.18.

Sasa hesabu, kwa kikokotoo chenye log:

Uangavu halisi = −4.05 − 2.43 × (log ya siku − 1)

Log ya 7.18 ni 0.856. Toa 1, unapata −0.144. Uangavu halisi ni −3.70. Wastani unaoonekana ni 3.9. Umbali kwa parseki ni 10 kwa kipeo cha (3.9 + 3.70 + 5) ÷ 5, yaani 10 kwa kipeo cha 2.52, ambayo ni 331. Miaka ya nuru 1,080.

Jibu hilo ni kubwa mno. Kati yetu na Eta kuna vumbi la angani linalokula kama 0.4 ya uangavu. Ondoa: 3.5 badala ya 3.9, kipeo kinakuwa 2.44, umbali parseki 275, miaka ya nuru 900 hivi. Linganisha na kosa la kuhesabu siku: ukikosea nusu siku nzima, umbali unabadilika kwa asilimia 3 tu, wakati vumbi limeuongeza kwa 20. Anayetumia njia hii anapaswa kuogopa vumbi kuliko saa yake. Wataalamu hulikadiria kwa rangi, kwa sababu vumbi huzuia bluu zaidi ya nyekundu.

Galaksi

Galaksi ni kundi la nyota, gesi na vumbi lililoshikwa na mvutano wake. Yetu, Njia Nyeupe, ina upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi na nyota zaidi ya bilioni 100. Jua liko kama miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovuni. Kitovu hicho kinapita karibu na utosi wetu, nyuzi 66 juu upande wa kusini, katikati ya Agosti saa 3 usiku. Walio Ulaya hukiona chini kabisa. Mabaka meusi katikati ya mkanda mweupe ndiyo vumbi tulilolisema.

Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini ya mita 2.5 ya Mount Wilson, Marekani, alipata Sefeidi ndani ya wingu la Andromeda. Hesabu yake ilitoa karibu miaka ya nuru 900,000, kiasi cha kutosha kuonyesha kwamba lile si wingu la humu ndani bali ni galaksi nyingine. Lakini ukweli ni milioni 2.5. Mwaka 1952 Walter Baade alieleza sehemu kubwa ya tofauti: Sefeidi ziko za aina mbili zenye mwanga tofauti, na zilikuwa zimechanganywa. Kipandio kimoja kilirekebishwa, na galaksi zote zikahamia mbali mara mbili.

Juu ya Sefeidi kuna supanova za aina ya Ia, nyota zinazolipuka kwa mwanga unaokaribiana, ambazo huonekana mbali sana. Juu zaidi ni spektra, yaani nuru iliyotandazwa rangi kwa rangi: mistari iliyomo katika nuru ya galaksi ya mbali imesogea upande wa nyekundu kwa sababu anga yenyewe inapanuka. Kasi ya upanukaji ni kama kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki (parseki milioni 1). Galaksi inayokimbia kilomita 7,000 kwa sekunde, ukigawanya kwa 70, iko megaparseki 100, miaka ya nuru milioni 326. Usiitumie kwa majirani. Andromeda inatukaribia, ungepata umbali hasi. Na hiyo 70 bado ina ubishi: wanaopanda ngazi ya Sefeidi na supanova wanapata 73, wanaoanzia mwanga wa kale wa ulimwengu wanapata 67 hadi 68, na pengo ni kubwa kuliko makosa yanayokiriwa na kila upande.

Galaksi tatu kabla ya alfajiri

Katikati ya Agosti, usiku wa giza, kuwa nje saa 10 alfajiri. Tazama kaskazini: nyota nne zimefanya mraba mkubwa juu. Kutoka pembe ya chini kulia, fuata nyota kuelekea kulia na chini. Ya pili ni Mirach. Kutoka Mirach geuka chini kushoto, hesabu nyota mbili hafifu, na kando ya ile ya pili, kama nyuzi 44 kutoka chini, kuna doa la ukungu. Usilikazie macho, tazama pembeni kidogo. Ndiyo Andromeda.

Kisha geuka kusini. Wingu Dogo la Magellan liko nyuzi 22 juu, miaka ya nuru 200,000, na Wingu Kubwa, 162,000, linapanda kusini-mashariki. Hilo la pili likiwa bado limezibwa na moshi wa chini, subiri nusu saa, ila usivuke saa 12: baada ya hapo mwanga wa alfajiri unaanza kuyafuta yote matatu.